Kabla Hujachemsha Dawa ya Kichina ya Kibofu

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniuliza kama dawa ya mitishamba niliyokunywa nilipokuwa nikisoma Guangzhou, China, itamfaa na yeye, kwa kuwa UTI inamrudia kila mara na amechoka kumeza antibayotiki. Namwelewa kuliko anavyodhani. Kabla sijaondoka nyumbani, muuguzi mmoja aliniuliza kwa sauti, foleni nzima ikisikia, nina wanaume wangapi. Tangu siku hiyo niliona heri niungue kimyakimya kuliko kurudi pale na kikopo cha mkojo.

Ndiyo maana tabibu wa Kichina alinivuta. Alinishika mapigo ya mikono yote miwili, akautazama ulimi, akasema nina joto na unyevu chini ya tumbo, basi. Aliniandikia Ba Zheng San, mchanganyiko maarufu tangu enzi ya wafalme wa Song, ambao ndani yake mna mbegu za che qian zi, mzizi wa da huang, unga wa jiwe la talki na mu tong. Zile mbegu ndogondogo hufungwa kwenye kitambaa kabla ya kuchemshwa, la sivyo hutoa utelezi na kugandia chini ya sufuria. Da huang huharisha, na hilo hakuna aliyeniambia.

Jambo zito zaidi ni mu tong. Jina hilo hubeba mimea kadhaa, na mmoja wao, guan mu tong, ni wa jamii ya Aristolochia, yenye asidi inayoua figo na kuleta saratani katika njia ileile ya mkojo unayotaka kuitibu. Mmea mwingine wa jamii hiyo uliharibu figo za wanawake zaidi ya 100 nchini Ubelgiji miaka ya 1990, waliokuwa wakimeza dawa za kupunguza unene. China nayo ikaipiga marufuku guan mu tong mwaka 2003. Mimi niliuliza nimepewa mu tong ipi kabla ya kuwasha jiko. Muuzaji alicheka, lakini akanionyesha maandishi, na ubishi ule najivunia mpaka leo.

Mwako ulipungua, UTI haikuisha. Iliisha baada ya bakteria wa kwenye mkojo wangu kuoteshwa maabara na kujulikana ni dawa ipi inayowaweza bakteria wale. Kwa hiyo, dada zangu, anzeni na kipimo hicho, na mkikutana na wa kuwadhalilisha, badilisheni kituo, msiache kupima. Anayewauzia unga usio na jina, hata awe na bango la Kichina mlangoni, mwacheni na unga wake. Mwenye dalili hizi pamoja na homa, kutapika au maumivu ya ubavuni, na kila mwenye mimba, asichemshe chochote. Aende hospitali siku hiyohiyo.