Gavana ameshindwa, na likizo yangu je?

Dada, umeuliza kama utalipwa likizo yako sasa kwa kuwa gavana aliyekuajiri ameshindwa uchaguzi, na kazini umejibiwa "umeingia na gavana, ondoka naye". Jibu hilo lisikutishe. Gavana alikuteua, lakini mwajiri wako ni kaunti, na kaunti haijaenda popote.

Anza na likizo, ndilo dai lako lenye nguvu. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inakupa angalau siku 21 kwa mwaka. Kazi ikikatika kabla ya mwaka kuisha, mradi umefanya kazi miezi miwili, unahesabiwa siku 1.75 kwa kila mwezi. Tafuta nakala za fomu zako za likizo sasa hivi, maana hao wapya wakishahamisha mafaili, utazunguushwa mpaka uchoke.

Malipo ya kupunguzwa kazi, yale ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka wa kazi, usiyategemee sana. Kama mkataba ulisema unaisha na muhula wa gavana, basi umekwisha tu, hujapunguzwa. Angalia kipengele cha kiinua mgongo badala yake. Wengi husaini bila kukisoma.

Rudisha kompyuta na kadi ya kazi, usainiwe kuwa umevirudisha, kisha andika barua kwa katibu wa kaunti na ubaki na nakala yenye muhuri. Wakinyamaza, Mahakama ya Ajira ipo, ila usipitishe miaka 3.