Fundi Nisaidie: Utepe wa alumini wa ampu ya marehemu baba umepotea, naupata wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Morogoro. Baba alikuwa anapiga gitaa la rithimu kwenye bendi miaka hiyo, amefariki mwaka jana, na tulipofungua stoo tukaikuta ampu yake, Fender Twin Reverb, ile yenye uso wa silva (lile bamba la nobu) na maandishi ya bluu. Inawaka na inapiga vizuri tu ila sura ndo imekwisha: ule utepe wa alumini unaozunguka kitambaa cha mbele umebaki juu na kushoto tu, kitambaa kimechanika, nembo haipo kabisa, na mkono wa kubebea ulikatika zamani akafunga kipande cha mpira wa tairi. Nataka irudi ilivyokuwa. Jamaa mmoja wa studio ananishauri ninunue uso mweusi na kitambaa cha ampu za mwanzo eti ndo zinapendwa zaidi. Naanzia wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba. Naomba kabla hujatuma hela popote usinunue kitu chochote kwa wiki moja hii, maana watu wengi wananunua kwanza halafu ndo wanauliza ampu yao ni ya mwaka gani, na kwenye Fender mwaka ndo unaoamua kila kitu, rangi ya kitambaa, umbo la nembo, hata huo utepe wenyewe.

Sasa huo utepe unanifanya nikae vizuri kwenye kiti. Wauzaji wa Marekani wanauita "drip edge", na Fender waliuweka kwa kipindi kifupi tu, kuanzia mwishoni mwa 1967 mpaka kwenye 1969, basi. Kampuni ilikuwa tayari imeuzwa kwa CBS, shirika la utangazaji la Marekani, Januari 1965, na ule uso wa silva ulipoingia ulikuja pamoja na hiyo fremu ya alumini kuzunguka kitambaa, halafu wakaiacha. Kwa hiyo ukiona ampu ya uso wa silva ya miaka ya sabini haina utepe, haijapotea, haikuwekwa tokea kiwandani. Yako imebaki na vipande viwili, kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa kuwa ni ya miaka hiyo miwili mitatu ya mwanzo.

Hakikisha hivi. Chomoa waya ukutani, geuza ampu uangalie nyuma. Ndani ya boksi ubavuni kuna karatasi imegandishwa inayoonyesha kila valvu (zile taa za kioo za kukuza sauti) inakaa wapi. Chukua tochi, tafuta herufi mbili zilizogongwa kwa muhuri. Ya kwanza ni mwaka, na hesabu inaanza A kwa 1951, ya pili ni mwezi, A ni Januari. Ukikuta RC basi R ni 1968 na C ni Machi. Muhuri ukiwa umefutika hamia kwenye spika, kwenye chuma chake kuna namba ya kampuni iliyoitengeneza: 465 ni Oxford, 220 ni Jensen, 137 ni CTS, na tarakimu zinazofuata ni mwaka na wiki. Kwa mfano 137 6812 ni spika ya CTS iliyotengenezwa wiki ya 12 ya 1968. Ampu yenyewe inakuwa imefungwa baada ya hapo, na kama spika zilishawahi kubadilishwa hiyo namba haikuambii kitu kuhusu boksi. Kuna watu watakwambia zipo tarehe nyingine ndani ya chasisi, lile sanduku la chuma lenye umeme, ni kweli zipo, ila wewe usiifungue. Mle ndani kuna umeme unaopita volti 400 na kapasita zinaweza kuushika hata ampu ikiwa imechomolewa. Kazi unayotaka kufanya yote ni ya nje, hakuna sababu ya kuingiza mkono huko.

Tukishajua mwaka ndo tunatafuta. Utepe wa zamani halisi unapatikana, lakini unatoka kwenye maboksi yaliyokufa, yaani mtu kavunja ampu anauza vipande, na hapo inabidi uwe na subira, angalia tovuti za Reverb na eBay kila baada ya siku chache. Shida ni kwamba utepe wa Twin sio wa Deluxe wala wa Super, ambazo ni ampu nyingine za Fender, boksi la Twin lina upana wa kama sentimita 67, la Deluxe Reverb ni dogo kabisa, na muuzaji mwingine anaandika tu "fits Fender" yamekwisha. Kwa hiyo pima vipande vyako viwili kwa milimita: urefu, upana wa bapa, unene, na kona imekatwaje, halafu mwombe muuzaji apige picha ya tepu ya kupimia ikiwa juu ya kipande chenyewe. Akikataa achana naye. Upo pia utepe mpya unaotengenezwa kwa kuigiza, maduka ya vipuri vya ampu za valvu kule Marekani wanao, na tangu 2013 Fender wenyewe wana ampu wanaziita '68 Custom ambazo zimerudisha ule mtindo, kwa hiyo kitambaa na nembo za sura hiyo sio vitu vya kusaka miaka. Kama una ndugu anakuja likizo kutoka huko mwambie abebe, ila alumini nyembamba ikipinda kwenye sanduku haiwi nyoofu tena, aifunge kwenye bomba gumu la karatasi au ubao.

Halafu kuna njia ninayoipenda na watu hawaifikirii, nenda kwa fundi wa madirisha ya alumini! Hao jamaa kila siku wanakata kona za digrii 45, mashine wanayo, na vipande vya pembe wanavyo. Mpelekee kipande cha baba mkononi, sio picha, mwambie unataka alumini ya silva isiyopakwa rangi, sio ile nyeupe ya poda wala ya kahawia. Akate chini na kulia tu. Vile viwili vya zamani vibaki palepale vilipo hata kama vimefubaa, vioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo kisha paka dawa ya kung'arishia shaba na kitambaa laini, magadi ya soda makali yale ya kuzibulia sinki yasiguse kabisa yanakula alumini. Ukija kupata vya asili unabadilisha, hakuna kilichoharibika.

Kitambaa: cha miaka yako ni cha silva chenye nyuzi za bluu zinazometa, kimefumwa kwa plastiki, ndo maana kinakubali moto. Nunua kinachozidi ubao wa mbele kinapobandikwa sentimita tano kila upande, anza kupiga stepla katikati ya kila upande ukielekea kwenye kona, na kila baada ya stepla mbili tatu simama mbali uangalie mistari. Mstari ukienda upande nusu sentimita tu jicho litauona kila siku ya maisha yako. Ukimaliza pitisha draya ya nywele kwa mbali, taratibu, kitajivuta chenyewe kikae kama ngoma. Usikubali mtu akuwekee kitambaa cha makochi, kingi ni kizito sauti haipiti. Puliza kwa mdomo, upande wa pili weka kiganja, kama husikii upepo hicho sio cha spika.

Na huyo jamaa wa studio, sikubaliani naye hata kidogo. Uso mweusi ni wa 1963 mpaka 1967, ni ampu nzuri mno, lakini sio ya baba yako. Ukiivalisha uso mweusi utakuwa na ampu ya 1968 inayojidai ni ya 1965, na siku ya kuiuza au kuirithisha itabidi ueleze, au usieleze na hapo itakuwa umemdanganya mtu.

Mkono mpya ni kitu rahisi, unauzwa, skrubu chache tu. Tumia zilezile skrubu zake za zamani kama zipo, maana uzi wa Marekani ni wa inchi, ukilazimisha skrubu ya milimita mahali penye nati unakula uzi wote. Ila ule mpira wa tairi usiutupe. Weka kwenye bahasha pamoja na karatasi uliyoandika umebadilisha nini na lini, bandika ndani ya boksi chini. Mzee aliubeba mzigo wa karibu kilo 30 kwa huo mpira, sijui ngazi ngapi.

SWALI: Asalaam alaikum fundi. Mimi ni mtu wa Mombasa lakini naishi Leicester, mume wangu kanunua Vox AC30 ya zamani, nyeusi, kitambaa cha mbele ni cha almasi almasi. Kati ya mikono mitatu ya juu mmoja hakuna, na matundu ya hewa juu mawili yamepasuka, ni ya plastiki. Muuzaji mmoja anasema tuweke ya shaba ndo original. Kweli?

JIBU: Waalaikum salaam dada. Sio lazima awe anakudanganya ila hajakuuliza mwaka. Hizo ampu za mwanzo zilitengenezwa na JMI, kampuni ya Tom Jennings kule Dartford, Kent, na zilianza na matundu ya shaba na mikono ya ngozi, halafu kwenye 1964 hivi wakahamia plastiki. Kwa hiyo kama plastiki yako imekaa vizuri kwenye mashimo yake na hakuna alama za misumari ya zamani pembeni, ampu yako ni ya plastiki toka siku ya kwanza, na shaba itaifanya ionekane ya bei mbaya lakini sio sahihi. Toa kimoja uangalie chini yake, reksini ambayo haijapigwa na jua itakuonyesha umbo la kilichokuwa pale mwanzo. Hiyo alama ndo shahidi wako, iamini kuliko muuzaji.

Mkono kama ni wa ngozi, tafuta fundi viatu au fundi wa matandiko ya farasi, huko Uingereza bado wapo. Mpe mmoja kati ya miwili iliyobaki aufanye kielelezo, na umwambie aingize bamba jembamba la chuma katikati ya ngozi, maana AC30 inapita kilo 30 na mkono ukikatika kwenye ngazi mtu anaumia. Kitambaa kama hakijachanika kiacheni. Kuna wanaokichovya kipya kwenye chai kionekane cha zamani, mimi sifanyi hivyo, kikizeeka kizeeke chenyewe.

SWALI: Sasa fundi, niko Nairobi. Nina Fender ya silva pia, kile kioo chekundu cha taa ya mbele kimepotea na nobu mbili hazifanani na zingine, nimeweka za hapa town lakini zinacheza cheza. Pia uso umekuwa mchafu, nipake nini?

JIBU: Poa kaka. Kioo ni kitu cha bei ndogo, kinafungwa kwa mkono kwa mbele kama kifuniko cha chupa, zima ampu kwanza, na balbu ya ndani ikiwa imeungua omba namba 47, ya volti 6.3. Nobu zinacheza kwa sababu ncha ya Kimarekani, kile kijiti nobu inapochomekwa, ni robo inchi, yaani milimita 6.35, kama tundu la nobu ni kubwa kuliko ncha au ncha iliwahi kubadilishwa ikawekwa ya milimita 6 lazima itikisike. Vuta nobu utazame, kama ncha ni duara tupu au ina meno, kisha upime kwa kalipa, kile kipimo cha milimita chenye taya, ndo uagize.

Uso usipake chochote kinachong'arisha. Miaka mingi nyuma nilipewa ampu ya mteja, nikasugua uso wake kwa dawa ileile ninayotumia kwenye utepe, kitambaa kikageuka bluu mkononi mwangu, kutazama neno TREBLE limebaki TRE. Nilimlipa, lakini yale maandishi hayakurudi na mpaka leo naliona lile neno nikishika kitambaa. Kwako tumia kitambaa chenye unyevu kidogo tu, tone moja la sabuni, pita kati ya maandishi na sio juu yake, na madoa yaliyobaki yaache.