Pumu na kipimo cha pumzi

SWALI: Kaka yangu anaendesha teksi Uingereza na ana pumu kali. Polisi wakimpima ulevi akashindwa kupuliza, atanyang'anywa leseni? – Msomaji, Kayole, Nairobi

JIBU: Hatari ipo. Huko, dereva asiyetoa pumzi kituoni bila sababu ya kuridhisha hufungiwa leseni angalau miezi 12, hata kama hakuonja pombe. Ila ugonjwa ni sababu inayokubalika, na sheria yao ya barabarani ya 1988, kifungu cha 7, inaruhusu polisi kudai damu au mkojo badala yake.

Kinachoponza wengi ni kunyamaza. Mashine inataka pumzi ndefu isiyokatika. Anayekohoa katikati hudhaniwa anajifanya. Aseme kabla ya kupuliza kwamba ana pumu, aonyeshe inhela, kisha ajaribu kwa dhati. Kama ametoka kuivuta, aseme pia, maana baadhi zina pombe kidogo inayobaki mdomoni kwa dakika kadhaa. Akiombwa damu, tafadhali asikatae.

Akiachiliwa, amwone daktari siku hiyo hiyo apimwe mapafu kwa spirometa. Barua ya “ana pumu” pekee ni dhaifu. Ieleze kwa nini hakuweza kupuliza.