Cheti cha jinsia Uskoti: fuata sheria ya 2004

Ukisoma habari za zamani unaweza kudhani Uskoti mtu wa miaka 16 anajitangazia jinsia yake bila daktari na kupata cheti cha jinsia, yaani hati inayoitambua kisheria jinsia yake mpya. Ni kweli Bunge la Uskoti lilipitisha muswada huo Desemba 2022, kwa kura 86 dhidi ya 39. Lakini Januari 2023 Alister Jack, wakati huo waziri wa London aliyeshughulikia Uskoti, alitumia kifungu cha 35 cha Sheria ya Uskoti ya 1998 kuuzuia usipelekwe kwa Mfalme ili uwe sheria. Hoja yake: ungevuruga sheria ya usawa, ambayo iko chini ya Bunge la London. Desemba 2023 mahakama ya Edinburgh ilikubaliana naye, na serikali ya Uskoti haikukata rufaa.

Kwa hiyo maombi ya cheti bado yanafuata Sheria ya Utambuzi wa Jinsia ya 2004, na yanakwenda kwa jopo lile lile la Uingereza linaloyaamua. Kwa njia ya kawaida uwe na miaka 18, uwe umeishi katika jinsia yako miaka 2, uape kwamba utabaki hivyo maishani, na ulete ripoti mbili za kitabibu. Hapo kwenye ripoti ndipo wengi hukwama. Daktari huandika mstari mmoja wa utambuzi wa hali ya kutopatana na jinsia ya kuzaliwa na kusaini, wakati jopo linataka kujua utambuzi ulifikiwaje na matibabu gani yamefanyika au yamepangwa. Soma ripoti kabla ya kuituma. Ushahidi wa miaka 2 nao uenee kipindi chote. Bili na slipu za mshahara za mwezi mmoja hazitoshi, hata ziwe ishirini.

Kwenye ndoa Uskoti ina njia yake. Mwenzi akikataa kutoa ridhaa ya ndoa kuendelea baada ya cheti, jopo hutoa cheti cha muda tu. Waliooana England hubaki na njia ya kuivunja ndoa kwanza. Ndoa iliyofungwa Uskoti inakuruhusu kwenda mahakama ya sherifu (mahakama ya eneo huko Uskoti) kuomba cheti kamili bila ridhaa hiyo. Kinachohesabika ni mahali mlipofunga ndoa: aliyeolewa Manchester akahamia Glasgow hapati njia hii.

Pasipoti ya Uingereza na leseni ya udereva hazihitaji cheti hiki, na aliyezaliwa Mombasa hatabadilishiwa nacho cheti cha kuzaliwa cha Kenya. Tena, tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya Uingereza ya Aprili 2025, cheti hakibadilishi maana ya jinsia katika Sheria ya Usawa ya 2010, inayokataza ubaguzi kazini na kwingineko. Kama shida yako iko kazini, muone wakili wa ajira kabla ya kujaza fomu.