Lupu Ikikataa Kukaa kwenye Biti, Ihesabu

Mdogo wangu unayeanza kutengeneza biti, lupu (kipande cha sauti kinachojirudia) ikipishana na kik, lile pigo zito la chini, usikimbilie kuivuta kwa mausi mpaka sikio liridhike. Sikio la saa nane usiku huridhika na chochote.

Mimi nilifundishwa na aibu, hapa hapa Bagamoyo. Nilirekodi ngoma na marimba ufukweni, nikaitupa kwenye projekti ya BPM 112, yaani mapigo 112 kwa dakika. Programu ikasema lupu ina 200. Nikaamini! Kumbe kompyuta huweza kuhesabu mapigo madogo kama makubwa, ikakupa tempo mara mbili, au nusu yake. Ukitaka kujua ukweli, kata lupu kuanzia pigo la kwanza kabisa, bila ule ukimya wa mwanzo, kisha hesabu. Baa ni fungu la mapigo; baa nne za mapigo manne manne ni mapigo 16. Zidisha kwa 60, gawanya kwa urefu wa lupu kwa sekunde. Yangu ilikuwa sekunde 9.6, basi ni 100.

Kosa la pili likawa baya zaidi. Nikaongeza kasi tu kutoka 100 hadi 112, kama kanda inayokimbizwa. Marimba yakapanda karibu nusu toni mbili. Dada aliyekuja kuimba akajaribu mara tatu, akavua hedifoni, akaniuliza, "Kaka, huu ufunguo ni wa nani?"

Ukitumia programu ya Ableton Live, washa Warp, kitufe cha kunyoosha sauti, ili kasi ibadilike bila noti kupanda. Ngoma tupu ipe hali ya Beats, sauti moja yenye noti ipe Tones, mchanganyiko mzito jaribu Complex. Ukivuta kupita kiasi ngozi ya ngoma itasikika kama debe, na hapo ni heri kurekodi upya.

Halafu wapigaji wetu hawapigi kama saa ya ukutani. Wakipata moto wanakaza mwendo. Bandika alama ya Warp kwenye pigo la kwanza la kila baa, basi. Mimi niliwahi kubandika kila pigo. Mzee mmoja mpiga ngoma akasikiliza, akacheka, akasema mashine imekwenda jandoni lakini haikufundwa.

Na kama ngoma inagawa kila pigo tatu tatu, badili gridi (mistari ya skrini inayogawa mapigo) iwe ya tripleti, yaani ya tatu tatu, kabla hujagusa chochote. Usipofanya hivyo, alama zote utaona zimekosewa wakati mpigaji yuko sawa.