Maiki iko mbele ya spika lakini narekodi feni tu

SWALI: Habari zenu wataalamu. Natumia Linux kwenye laptop, nataka kurekodi mhadhara unaoenda live kwenye brauza, sasa kila nikibonyeza rekodi kwenye Audacity napata feni ya kompyuta na kikohozi changu, mhadhara wenyewe unasikika kwa mbaaali kama mtu yuko kisimani. Nimesogeza maiki mpaka mdomoni mwa spika, wapi. Hamna namna ya kuidaka sauti humo humo ndani kabla haijatoka?

JIBU: Ipo ndugu yangu, na hiyo maiki wala huihitaji. Programu ikianza kurekodi kawaida inakimbilia maiki, lakini PulseAudio (mfumo unaosimamia sauti kwenye Linux), na hii PipeWire iliyokuja kushika nafasi yake, kila kifaa cha kutolea sauti zinakiwekea pacha anaitwa monitor, yaani chochote kinachoenda spika nakala yake inapita hapo, safi, bila feni wala kikohozi.

Weka pavucontrol, programu ya kuchagua sauti ipi iende wapi. Anza kurekodi KWANZA ndo ufungue kichupo cha Recording, maana usiporekodi kinakuwa kitupu na wengi hapo ndo wanasusa wanasema programu mbovu. Utaiona Audacity hapo, pembeni imeandikwa inasikiliza nini, badilisha toka maiki uchague ile inayoanza na Monitor of.

Mimi mwenyewe hayo madirisha nayaruka, naandika hivi kwenye teminali:

parecord -d @DEFAULT_MONITOR@ mhadhara.wav

Ukimaliza Ctrl+C. Ikigoma, piga pactl list short sources ikuorodheshee vyanzo vya sauti, chukua jina linaloishia na .monitor uliweke badala ya hilo la alama za @. Ila cheki nafasi kwenye diski, faili la WAV ni sauti isiyobanwa, linakula kama MB 10 kwa dakika, saa nzima inapita MB 600, kwahiyo baadae ibane na ffmpeg (programu ya kubadili aina ya faili) iwe MP3 au Opus.

Halafu usije ukawasha hedifoni za Bluetooth katikati ya kazi, kila kifaa kina monitor yake, sauti inahamia kwenye hedifoni na rekodi inaweza ikabaki inasikiliza spika zilizonyamaza, wewe unasikia vizuri tu kumbe faili ni ukimya mtupu. Ziwashe kabla.

Na zima milio ya meseji, monitor haichagui. Nina rekodi yangu ya saa nzima, mzungumzaji anafika penyewe hasa pa maana, ting! ting! ting!