Uliza Ujibiwe: Cheo, Wadhifa na Vikosi vya Jeshi

Barua nyingi za safari hii zimehusu majeshi. Tumechagua zile zinazogusa mambo yanayowachanganya wasomaji wengi.

SWALI: Mhariri, salaam. Tunaandaa harusi, na mgeni wetu mmoja ni mjomba aliyeko JWTZ (Jeshi la Wananchi wa Tanzania). Kikosini kwake wote wanamwita Sajenti Meja, ila mwenyewe anasema cheo chake ni Afisa Mteule Daraja la Pili. Kwenye ratiba tuandike lipi? Na huyu ni afisa au ni askari? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Andikeni Afisa Mteule Daraja la Pili, kisha jina lake. Hicho ndicho cheo. Sajenti Meja ni wadhifa, yaani kazi aliyopangiwa, na akihamishiwa kazi nyingine wadhifa unabaki kwa atakayempokea, cheo anaondoka nacho. Kwa kawaida Afisa Mteule Daraja la Pili ndiye huwa sajenti meja wa kombania, yaani sehemu moja ya kikosi, na wa Daraja la Kwanza huwa sajenti meja wa kikosi kizima.

Kazi yenyewe ni nzito. Nidhamu, gwaride, mavazi, zamu za lindo na malalamiko ya askari vyote hupita mikononi mwake kabla ya kumfikia mkuu wa kikosi. Katika majeshi yaliyorithi taratibu za Uingereza mtamtambua uwanjani kwa ile fimbo ya miguu miwili inayofunguka kama bikari. Si pambo. Huifungua kwa kipimo cha inchi 30, karibu sentimita 76, akapima nayo urefu wa hatua. Kila askari akikanyaga kwa urefu wake mwenyewe, mistari ya gwaride hupinda kabla haijafika jukwaani.

Kuhusu afisa au askari: pamoja na jina lake, Afisa Mteule huhesabiwa upande wa askari. Ngazi ya askari huanza na praiveti, kisha koplo usu, koplo, sajenti, stafu sajenti, halafu Afisa Mteule Daraja la Pili na la Kwanza. Hapo ngazi hiyo inaisha. Ngazi ya maafisa ni nyingine, na mlango wake ni kamisheni, ambayo hutunukiwa na Amiri Jeshi Mkuu, yaani Rais, baada ya mafunzo kama yale ya chuo cha kijeshi cha Monduli. Anayetunukiwa huanza na Luteni Usu, akapanda Luteni, Kapteni, Meja, Luteni Kanali, Kanali, Brigedia Jenerali, Meja Jenerali, Luteni Jenerali hadi Jenerali. Ndiyo maana mjomba wenu, mwenye miaka mingi jeshini, humpigia saluti Luteni Usu aliyehitimu juzi. Saluti ile ni ya kamisheni, umri hauhusiki. Hata hivyo Luteni Usu mwenye akili humsikiliza sana Afisa Mteule wake, maana platuni, yaani kundi dogo la askari, inaendeshwa na uzoefu wa watu kama hao.

Angalizo moja kwa mshereheshaji: katika Jeshi la Polisi Tanzania mambo ni tofauti. Kule Sajenti Meja ni cheo kamili, juu ya Stafu Sajenti na chini ya Mkaguzi Msaidizi. Kwa hiyo kabla ya kumtaja mtu ukumbini, ulizeni kwanza anatoka jeshi gani.

SWALI: Mhariri, hujambo? Jenerali Charles Kahariri, Mkuu wa Majeshi ya Kenya, alitoka Kenya Navy (Jeshi la Wanamaji). Mbona haitwi Admirali? Na mwenzangu wa Dar ananiambia kwao mkuu wa wanamaji ni Rear Admiral. Nani yuko sahihi? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Nyote wawili. Kenya inatumia orodha moja ya vyeo kwa nchi kavu, anga na maji. Mwanamaji wa Mtongwe, kambi ya wanamaji Mombasa, hupanda Meja, Kanali, Brigedia na kuendelea, sawa na mwenzake wa nchi kavu. Wakuu wa majeshi watatu wa Kenya wametokea Jeshi la Wanamaji: Joseph Kibwana (2000 hadi 2005), Samson Mwathethe (2015 hadi 2020) na Kahariri tangu Mei 2024. Wote wamekuwa Majenerali. Tanzania nayo imebakiza majina ya baharini kwa wakubwa wa Kamandi ya Wanamaji, ambako Rear Admiral ni sawa na Meja Jenerali. Jeshi la Anga la Tanzania linatumia vyeo vya nchi kavu.

Sisi tunaona utaratibu wa Kenya una faida kubwa makao makuu, ambako watu wa matawi yote hukaa meza moja na kila mmoja anajua papo hapo nani yuko juu ya nani. Hasara yake hujitokeza meli za kigeni zinapotia nanga Kilindini, na hapo mtego mkubwa ni neno Kapteni. Kapteni wa nchi kavu ana nyota tatu begani na ni afisa wa chini wa miaka michache kazini. Kapteni wa jeshi la maji la Uingereza, Marekani au India ni sawa na Kanali kamili. Luteni wao wa majini ndiye sawa na Kapteni wetu, Luteni Kamanda ni sawa na Meja, na Kamanda ni sawa na Luteni Kanali. Ukimpangia Kapteni wa manowari kiti kwa kufuata cheo cha nchi kavu, umemshusha ngazi tatu mbele ya mabaharia wake.

Na kwa kuwa tumegusa Kenya: Brigedia wao na Brigedia Jenerali wa Tanzania ni watu wa ngazi moja.

SWALI: Meja ni mkubwa kwa Luteni. Inakuwaje Luteni Jenerali awe mkubwa kwa Meja Jenerali? (Mwanafunzi, Tabora)

JIBU: Tazama kazi walizokuwa wakifanya zamani. Luteni alikuwa mtu wa kukaimu: bosi asipokuwepo, yeye ndiye anashika. Luteni alimkaimu Kapteni, Luteni Kanali akamkaimu Kanali, Luteni Jenerali akamkaimu Jenerali. Kwa hiyo kila mara yuko hatua moja tu chini ya anayemkaimu. Meja naye mwanzoni aliitwa Sajenti Meja, akiwa afisa wa tatu katika rejimenti baada ya Kanali na Luteni Kanali, na kazi yake ilikuwa kupanga safu za vita. Aliyefanya kazi hiyo kwa jeshi zima aliitwa Sajenti Meja Jenerali. Katika jeshi la Bunge la Uingereza la mwaka 1645, Thomas Fairfax alikuwa mkuu, Oliver Cromwell akawa Luteni Jenerali wa wapanda farasi, na Philip Skippon Sajenti Meja Jenerali wa waendao kwa miguu. Baadaye neno Sajenti likaachwa, mpangilio ukabaki vilevile.

SWALI: Babu yangu alikuwa Keya. Je, JWTZ ni Keya iliyobadilishwa jina? (Msomaji, Songea)

JIBU: Hapana, ingawa vyeo vingi vya JWTZ vina asili huko.

King's African Rifles, ambayo wazee wetu waliiita Keya, iliundwa 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Afrika ya Kati, Afrika Mashariki na Uganda. Wakati huo Tanganyika ilikuwa chini ya Wajerumani, na askari wao walikuwa na vyeo vya ombasha, shaushi, betshaushi na soli. Majina hayo yaliletwa na Wasudani waliosajiliwa Misri na kamanda Mjerumani Wissmann mwaka 1889. Wajerumani waliposhindwa, vyeo vyao vikaondoka nao na ngazi ya Kiingereza ikashika.

Ngazi hiyo ilikuwa na dari. Mwafrika alipanda hadi Afisa Mteule, akakwama. Miaka ya 1950 Waingereza wakaongeza daraja la Effendi, juu ya Afisa Mteule lakini chini ya kamisheni kamili. Idi Amin alipewa daraja hilo 1959. Ilikuwa heshima isiyo na mamlaka ya afisa, na askari waliliona hilo waziwazi.

Uhuru wa 1961 ulibadilisha jina kuliko hali. Batalioni ya 6 ya Keya, kambi ya Colito (leo Lugalo), na ile ya 26 ya Tabora zikawa Tanganyika Rifles, huku maafisa wengi wakibaki Waingereza. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964 askari wa Colito waliasi. Walidai mishahara bora na maafisa Waafrika. Kesho yake Tabora ikafuata, na kabla ya wiki kwisha moto ulikuwa umefika Jinja, Uganda, na Lanet, Kenya. Tarehe 25 makomando wa Uingereza walishuka Colito kwa helikopta kutoka manowari Centaur, wakawanyang'anya waasi silaha.

Hapa ndipo Tanzania ilipotengana na jirani zake. Serikali ya Mwalimu Nyerere ilivunja jeshi lile na kuanza kusajili upya, hasa vijana wa TANU Youth League, na wanajeshi wa Nigeria wakalinda nchi kwa miezi kadhaa. JWTZ ikazaliwa tarehe 1 Septemba 1964, ikiongozwa na Mirisho Sarakikya, mhitimu wa Sandhurst, chuo cha kijeshi cha Uingereza. Jeshi likawa jipya, ngazi ya vyeo ikabaki ileile, ila sasa bila dari. Kwa maoni yetu ule ulikuwa uamuzi wa busara: ngazi haikuwa na kosa, kosa lilikuwa kwa aliyeweka dari.

SWALI: Mwanangu amepangiwa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), barua inasema 832 KJ. Ndiyo idadi ya vijana? (Mama wa kidato cha sita, Tanga)

JIBU: La, mama. KJ ni Kikosi cha Jeshi, na 832 ni namba ya utambulisho wa kambi ya Ruvu, mkoa wa Pwani. Makutupora ni 834, Mlale 842, Bulombora 821. Namba haionyeshi ukubwa wala umri wa kikosi. Andika namba na jina la kambi pamoja kwenye barua au kifurushi, maana tarakimu moja ikikosewa mzigo unaweza kwenda mkoa mwingine. Ongeza kombania yake akishapangiwa. Ndani ya kombania atawekwa kwenye platuni, ya watu kama 30, na seksheni, ya watu kama 10. Kiongozi wake wa karibu, ambaye atamwona kila alfajiri, mara nyingi ni koplo au sajenti, na atamwita "afande".